Mjadala: Warumi wa kale walitoka wapi, na je, walikuwa watu wa damu moja?

MLETA MADA

Kila mazungumzo yanayogusa dola ya Roma huishia kwenye swali lile lile la asili ya Warumi wenyewe, na kila mara wasemaji hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza linashikilia kwamba Warumi ni uzao wa Aeneas, mkimbizi aliyeokoka mji wa Troy ulipoteketezwa, mji ambao magofu yake yako katika Uturuki ya leo. Fungu la pili linasema walikuwa kabila moja la Walatini, lililoingia Italia na lugha yake na damu yake, na kwamba mchanganyiko wa mataifa ulikuja baadaye sana, mji ulipokwisha kutajirika. Fungu la tatu linasema walikuwa mchanganyiko tangu siku ya kwanza. Ili anayetaka kunipinga ajue pa kulenga, natangulia kusema kwamba nasimama na fungu la tatu, tena kwa maneno makali kuliko lenyewe linavyosema: kwa kadiri ushahidi unavyotufikisha nyuma, Mrumi halikuwa jina la damu. Lilikuwa jina la mtu aliyepokelewa na mji.

Nianze na yale ambayo Warumi walijisimulia wenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunayajua nusunusu. Hawakuwa na hadithi moja ya asili. Walikuwa na mbili, na hadithi hizo hazikuzaliwa nyumba moja. Ya kwanza ni hiyo ya Aeneas, aliyetua pwani ya Latium, nchi ya Walatini, akamwoa Lavinia binti wa mfalme Latinus, na kujenga mji wa Lavinium. Ya pili ni ya mapacha Romulus na Remus, waliotupwa katika mto Tiber uliofurika na kunyonyeshwa na mbwa mwitu chini ya kilima cha Palatino. Wayunani walikuwa wamekwisha kupiga hesabu kwamba Troy ilianguka mwaka 1184 KK, na Warumi, kwa hesabu iliyokuja kukubaliwa na wengi, waliweka kuasisiwa kwa mji wao mwaka 753 KK. Baina ya babu na mji anaodaiwa kuuzaa kuna zaidi ya miaka 400. Ili pengo hilo lisionekane, ilibidi uwekwe mlolongo mzima wa wafalme wa Alba Longa, mji wa Walatini, mmoja akimrithi mwenzake, wengi wao wasio na tendo lolote katika masimulizi isipokuwa kutawala na kufa. Hicho ni kiraka, na uzi wake unaonekana.

Kiraka kilishonwa kwa sababu Troy ilikuwa na faida. Mwaka 263 KK, vita vya kwanza na Carthage, mji hasimu wa Afrika ya kaskazini, vikiwa bado vichanga, mji wa Segesta katika kisiwa cha Sicily ulijiunga na Warumi kwa hoja kwamba wao na Warumi wote ni wana wa Aeneas. Mwaka 69 KK Julius Caesar, akiwa ndiyo kwanza anapanda ngazi za uongozi, alisimama kwenye mazishi ya shangazi yake Julia akautangazia umma kwamba marehemu kwa upande wa mama alitokana na wafalme, na kwa upande wa baba na mungu wa kike Venus, ambaye ndiye mama yake Aeneas. Sisi tuliowahi kukaa kwenye misiba ya wakubwa tunajua hotuba ya namna hiyo inaelekezwa kwa nani, na kwa hakika haielekezwi kwa maiti.

Hadithi ya pili ndiyo inayonishangaza zaidi. Livy, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika katika zama za Augusto, kaisari wa kwanza, anasimulia kwamba Romulus alifungua mahali pa hifadhi kwenye kilima cha Capitolino, katikati ya vichaka viwili, akawapokea wote waliokimbilia hapo kutoka kwa majirani, bila kubagua nani ni mtu huru na nani ni mtumwa. Mji ukajaa wanaume wasio na wake, na majirani wakakataa kuwaoza binti zao. Ndipo Warumi walipowaalika Wasabini kwenye sherehe, wakawapora mabinti zao mchana kweupe. Maana yake ni kwamba, kwa simulizi lao wenyewe, hakuna hata mmoja kati ya mama wa kwanza wa Roma aliyekuwa mzaliwa wa Roma. Wafalme nao ni hivyo hivyo: Numa alikuwa Msabini wa mji wa Cures, na Tarquinius wa kwanza alihamia kutoka Tarquinia, mji wa Waetruski, majirani wa Roma upande wa kaskazini, naye baba yake alikuwa Myunani wa Korintho.

Wapo waliokerwa na simulizi hili hata zamani hizo. Dionysius wa Halicarnassus, Myunani aliyefika Roma mwaka 30 KK na kuishi huko miaka mingi, alitumia kitabu kizima cha kwanza cha historia yake kuthibitisha kwamba Warumi hawakuwa wakusanyiko wa watoro, bali walikuwa Wayunani halisi waliokuja kwa awamu, na kwamba hata watu wa Troy walikuwa Wayunani. Karne ya 20 nayo ikaleta wakereketwa wa aina yake. Mwaka 1916 mwanahistoria wa Marekani Tenney Frank alihesabu majina yaliyochongwa makaburini Roma, akaona mengi ni ya Kiyunani, akahitimisha kwamba wengi mno wa wakazi wa mji huo walikuwa na damu ya mashariki, na kwamba hilo lilichangia kuanguka kwa dola. Hakuipa uzito wa kutosha desturi ya mabwana kuwabandika watumwa wao majina ya Kiyunani bila kujali walikotoka. Mwezi Julai 1938, chini ya utawala wa Mussolini, ilichapishwa ilani iliyotamka kwamba kuna taifa safi la Kiitalia lenye asili ya Kiarya, na miezi michache baadaye zikafuata sheria zilizowaondoa Wayahudi wa Italia shuleni na kazini. Ndiyo maana sikubali kwamba swali hili ni la kujifurahisha tu. Karibuni.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu mleta mada, umesema tujue pa kulenga, nami nitalenga hapo hapo. Umetuambia kwamba hadithi ya Aeneas ni kiraka kilichoshonwa kwa faida ya siasa, na ninakubali. Lakini kabla wino haujakauka umeichukua hadithi ya hifadhi ya Romulus ukaifanya ushahidi. Livy aliandika miaka 700 baada ya mambo anayoyasimulia, tena katika mji uliokwisha kuwapa uraia watu wa Italia nzima baada ya vita vilivyoanza mwaka 91 KK. Kuna ajabu gani kama mji wa namna hiyo ulimpa mwasisi wake tabia uliyokuwa nayo wenyewe? Huwezi kumtoa shahidi mmoja barazani kwa kuwa ana maslahi, kisha ukamkaribisha ndugu yake akae mbele.

Ninaomba tuyaweke kando masimulizi yote mawili, tushike vitu viwili visivyojua siasa, yaani lugha na mifupa. Mwaka 1899 mwanaakiolojia Giacomo Boni alifukua chini ya sakafu ya mawe meusi katika uwanja wa mji wa Roma akakuta jiwe lenye maandishi ya karne ya 6 KK. Limevunjika, na sehemu kubwa ya maneno yake hayasomeki kwa uhakika, lakini Kilatini kimo, na neno la kumtaja mfalme limo. Mji huo ulikuwa ukizungumza Kilatini wakati wafalme wanaodaiwa kuwa Waetruski wakiutawala. Kilatini nacho ni ndugu wa Kioski na Kiumbri, lugha nyingine za kale za Italia, na ukoo huo wa lugha ni tawi la ukoo mkubwa unaofika hadi Uajemi na India. Lugha haitembei peke yake; hubebwa na watu.

Kuhusu mifupa, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulichunguza vinasaba vya watu 127 kutoka maeneo 29 ya Roma na Italia ya kati, katika muda wa takriban miaka 12,000. Watu 11 wa Zama za Chuma na za Jamhuri, yaani kabla ya makaisari, waliozikwa kati ya mwaka 900 na 200 KK, wana sehemu ya nasaba inayotokana na wafugaji wa nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi, sehemu ambayo wakulima wa kale wa Italia hawakuwa nayo. Badiliko kubwa la kuelekea mashariki linaonekana baadaye, katika zama za makaisari. Basi kulikuwa na watu fulani kwanza, na mchanganyiko ukaja pili. Hilo ndilo fungu la pili linalosema, nalo halihitaji Mussolini.

MLETA MADA

Ndugu yangu, kuhusu mashahidi wawili umenishika, nami sitabisha kwa ajili ya kubisha. Nimeitumia hadithi ya hifadhi kwa wepesi kuliko nilivyostahili, na naiondoa kama ushahidi wa karne ya 8 KK. Naibakiza kama ushahidi wa kile ambacho Warumi wa baadaye hawakuona aibu kukisema juu ya babu zao, na hilo si dogo, lakini nakubali kwamba ni jambo jingine.

Sasa natoa vitu ambavyo Livy hakuvigusa. Katika kaburi moja la Tarquinia kilipatikana chombo cha karne ya 7 KK kilichoandikwa jina la mwenyewe, Rutile Hipukrate. Litazameni jina hilo polepole. Rutile ni jina la Kilatini, Rutilus. Hipukrate ni la Kiyunani, Hippokrates. Maandishi yenyewe ni ya Kietruski, na mtu huyo amepewa heshima zake katika mji wa Waetruski. Hatumjui kwa lolote zaidi ya hapo, ila katika jina lake moja mataifa matatu yameketi mkeka mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kutoa maelezo. Roma kwenyewe, karibu na kanisa la Sant'Omobono, palipokuwa na hekalu kandokando ya bandari ya mto, kilifukuliwa kipande cha pembe ya ndovu kilichochongwa umbo la simba na kuandikwa jina la Mwetruski, cha karne ya 6 KK. Ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja, na inaaminika kilikuwa kama kitambulisho cha urafiki baina ya nyumba mbili: mgeni anakuja na nusu yake, mwenyeji anatoa yake, zikilingana mlango unafunguliwa. Mji wa damu moja ulikuwa na shughuli gani na kitu kama hicho?

Kuhusu lugha, nakuomba utazame neno ambalo kila mtu analihusisha na Roma, yaani mbwa mwitu. Kwa Kilatini ni lupus. Pale ambapo Kilatini kina sauti ya "qu", Kioski kina "p": Mlatini akiuliza "nani" anasema quis, Mwoski anasema pis. Wataalamu wa lugha wamefuata kanuni hiyo wakaona kwamba neno la asili la mbwa mwitu lilikuwa na ile sauti ya kwanza, na kwamba kama lingekua nyumbani kwa Walatini lisingetokea na "p". Limetoka kwa majirani, yaani Wasabini na jamaa zao wa milimani. Neno bos, la ng'ombe, lina kasoro ya namna hiyo hiyo, kwa maana Kilatini cha mjini kingelianzisha kwa "v". Kwa hiyo mnyama wa kwenye nembo na mnyama wa zizini wote wameingia lughani kwa mlango wa jirani. (Na kwa kuwa tumefika kwa mbwa mwitu, sanamu ile ya shaba iliyo katika makumbusho ya Capitolino, ambayo sote tumeiona vitabuni kama kitu cha Waetruski, ilipopimwa upya ilionekana kuwa yaelekea imesubiwa katika Zama za Kati, na wale mapacha wanaonyonya waliongezwa karne ya 15. Hata mama mlezi amebadilishiwa umri.)

Sikanushi kwamba Kilatini kililetwa na watu. Ninachokanusha ni kwamba waliokizungumza karne ya 6 KK walikuwa ndio hao waliokileta. Waetruski ni mfano mzuri: lugha yao haina undugu na Kilatini hata kidogo, ilhali utafiti wa mwaka 2021 wa vinasaba vya watu 82 wa Italia ya kati na kusini uliwakuta wana nasaba ile ile ya Walatini wa ng'ambo ya mto, pamoja na ile sehemu ya wafugaji wa nyikani uliyoitaja. Majirani wawili wa damu moja na lugha mbili zisizojuana. Basi ukiniambia kwamba lugha hubebwa na watu nakubali, lakini mara nyingi hubebwa na wachache ikashikwa na wengi.

MCHANGIAJI WA TATU

Naona fungu la kwanza limeachwa bila wakili, nami nitalisemea, ingawa si kwa kuamini kwamba Aeneas alitua na merikebu zake siku fulani ya mwezi fulani. Wazo kwamba Italia ya kati ina mizizi mashariki ni la kale kuliko ukoo wa Caesar. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, katika karne ya 5 KK, anasimulia kwamba Waetruski walitoka Lydia, magharibi ya Uturuki ya leo, baada ya njaa ya miaka 18. Anasema watu hao waliigawa njaa yao kwa zamu: siku moja walicheza michezo mfululizo ili wasahau chakula, siku ya pili wakala na kuacha michezo. Iliposhindikana, mfalme akawagawa watu wake kwa kura, nusu wakasafiri na mwanawe Tyrrhenus. Mwaka 2007 zilitoka tafiti za vinasaba vya watu wa leo wa Toscana, iliyokuwa nchi ya Waetruski, na hata vya ng'ombe wao, zilizoona dalili za uhusiano na Mashariki ya Karibu. Kule Lavinium nako wanaakiolojia walifukua safu ya madhabahu 13, na karibu yake kilima cha kaburi la karne ya 7 KK lililokarabatiwa na kuheshimiwa tena karne ya 4 KK, ambalo wengi wanalilinganisha na kaburi la Aeneas analolieleza Dionysius. Hatimaye utafiti wa 2019 wenyewe, kama alivyosema mchangiaji wa pili, umewakuta watu wa Roma ya makaisari wameelekea mashariki. Moshi wote huu hauna moto?

MLETA MADA

Moto upo, ndugu, ila haukuwashwa wakati unaodhani. Tafiti za 2007 zilitumia watu na mifugo ya leo, na mtu wa leo amebeba kila kilichopita katikati, zikiwemo karne zote za dola. Walipopimwa Waetruski wa kale wenyewe, mwaka 2021, haikuonekana dalili ya kundi lililohamia karibuni kutoka Uturuki ya kale. Nasaba ya mashariki inaonekana kwa wingi katika makaburi ya zama za makaisari, yaani miaka mingi baada ya Herodotus kufa, na iliingia kwa njia tunazozijua: utumwa, biashara, jeshi, na watu wa kawaida waliofuata riziki katika mji uliofikia wakazi wapatao milioni moja. Juvenal, mshairi mwenye ulimi mchungu, alilalamika kwamba mto Orontes wa Syria umekwisha kumwaga maji yake katika Tiber. Hakumtaja Aeneas, ingawa kwa mantiki yako alipaswa kuwakaribisha hao Wasyria kama binamu waliochelewa.

Kaburi la Lavinium ni ushahidi mzuri, lakini ni ushahidi kwamba watu wa karne ya 4 KK walimheshimu mtu fulani wa kale. Nani alilazwa ndani yake karne ya 7, jiwe halisemi.

MCHANGIAJI WA NNE

Wakuu, naomba niingize neno moja. Sisi wa pwani tumelelewa na hadithi za Washirazi, na ya Kilwa inasema mwana wa sultani alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Nikisoma habari za Aeneas nasikia harufu ile ile: mwana wa mfalme, chombo cha bahari, mke wa kienyeji, kisha ukoo unaotawala. Je, si kwamba kila ukoo unaotawala mji wa biashara hujitafutia babu kutoka ng'ambo?

MLETA MADA

Kufanana kupo, nami nimeliwaza hilo mara nyingi, lakini naomba tusihamie Kilwa, maana hoja ya Washirazi ina ushahidi wake na inastahili kufunguliwa peke yake. Nitasema tu kwamba kwa Roma hadithi ya babu wa ng'ambo haikuwa ya ukoo mmoja unaotawala. Ukoo wa Caesar uliikumbatia kwa nguvu kuliko wengine, lakini yapo majina makubwa ya Roma yaliyojivunia asili ya milimani, si ya baharini, na nitarudi kwa mmoja wao.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimesoma majibu, na kuhusu lupus nimenyamazishwa. Hata hivyo nina hoja mbili. Kwanza, kuazima neno kwa jirani si kuwa jirani. Ukikopa chumvi hujahamia kwake. Pili, mbona mleta mada anautegemea utafiti wa 2019 kuhusu zama za makaisari bila kutuambia miili ilitoka wapi? Baadhi ilitoka Isola Sacra, makaburi ya watu wa bandari karibu na Ostia, mji wa bandari wa Roma. Mtu akizika udadisi wake bandarini atakuta mabaharia, wachuuzi na wageni. Je, mkulima wa Kilatini wa vijijini, aliyelima shamba la babu yake maili 30 kutoka mjini, alipimwa? Inawezekana kabisa kwamba huyo alibaki alivyokuwa, nasi tunauita mchanganyiko wa gati mchanganyiko wa taifa.

MLETA MADA

Hoja ya bandari ni nzuri kuliko zote zilizotolewa hapa, na ninaipokea kwa nusu. Ni kweli kwamba makaburi ya bandari yana wageni wengi kuliko ya shambani. Lakini kasoro ya sampuli inakata pande zote mbili. Kwa karne nyingi, tangu zama za Jamhuri hadi karne ya kwanza ya makaisari, desturi iliyotawala Roma ilikuwa kuchoma maiti na kuhifadhi majivu, na majivu hayatoi vinasaba. Katika makaburi ya kale aliyoyafukua Boni uwanjani mwaka 1902, baadhi ya wafu wamo katika vyungu vya majivu vilivyofinyangwa kwa umbo la kibanda, na kila nikiona picha ya kibanda hicho cha udongo, chenye paa na mlango wake, hunijia fikra kwamba aliyemo ndani amejifungia na siri ya nasaba yake asiweze kuulizwa tena. Walio karibu yake walizikwa mzima mzima. Iwapo kuchomwa na kuzikwa zilikuwa desturi za watu wa asili mbalimbali au za watu wa asili moja, vinasaba havitasema, kwa sababu upande mmoja umeteketea. Basi wale 11 unaowategemea kwa miaka 700 ni 11 kati ya waliozikwa, na hata hao watafiti waliwakuta hawafanani: wapo wachache wenye nasaba ya Mashariki ya Karibu au ya Afrika ya kaskazini kabla hajazaliwa kaisari yeyote.

Kuhusu chumvi, nakubali kwamba neno la kuazima si ndoa. Ndiyo maana nilileta Rutile Hipukrate na yule simba wa pembe, na sasa naleta shahidi wa tatu, ambaye hawezi kushukiwa kwamba aliwapenda Warumi. Karibu na mwaka 214 KK Philip wa Tano, mfalme wa Makedonia na adui wa Roma, aliwaandikia watu wa Larissa katika Thessaly kuwahimiza waongeze raia wapya, kwa kuwa mashamba yao yalikuwa yamekaa bila wa kuyalima. Barua hiyo ilichongwa kwenye jiwe, nalo tunalo. Anawaambia wawatazame Warumi, ambao huwapokea katika uraia hata watumwa wanapowaacha huru, huwapa na nafasi za uongozi, na kwa njia hiyo wameukuza mji wao na kupeleka watu wao sehemu nyingi. Katika habari za uongozi alitia chumvi kidogo, kwa maana mara nyingi waliofika huko walikuwa watoto wa walioachwa huru. Lakini hapo hakuna Augusto wa kufurahishwa, wala Livy wa kupamba. Ni mpinzani anayeeleza siri ya nguvu ya mpinzani wake, karibu miaka 200 kabla Livy hajaandika neno. Mtumwa wa Kiyunani akiachwa huru na mtu binafsi katika mji wa Wayunani alibaki mgeni. Mtumwa aliyeachwa huru na Mrumi kwa utaratibu kamili wa sheria alitoka akiwa Mrumi, na mwanawe alizaliwa Mrumi, na mjukuu wake alikuwa na kila haki ya kuwacheka wageni, jambo ambalo nina hakika alilifanya.

Kwa hiyo mkulima wako wa maili 30 nampokea. Inawezekana sana kwamba damu yake haikubadilika kwa vizazi kumi. Lakini huyo ni Mlatini aliyekuja kuwa Mrumi kwa sababu mji ulimpokea, kama ulivyompokea Mwetruski, na kama ulivyompokea yule mtumwa. Uraia wake hauna mzizi mrefu kuliko wao. Ukimfanya yeye kipimo cha Mrumi halisi, itakubidi uwatoe nje watu ambao Warumi wenyewe waliwakalisha ndani.

Na hapa narudi kwa yule wa milimani niliyemwahidi. Mwaka 48 BK kaisari Claudius alilihutubia baraza la wazee akitaka wakuu wa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, waruhusiwe kuingia humo. Sehemu ya hotuba yake ilichongwa kwenye bamba la shaba lililofukuliwa Lyon mwaka 1528, na humo anawakumbusha wazee kwamba wafalme wao walikuwa wageni, na kwamba Servius Tullius, ambaye Warumi walimwita mwana wa mateka, Waetruski walimjua kama Mastarna, swahiba wa Caelius Vibenna. Claudius alikuwa msomaji mkubwa wa mambo ya Waetruski, na mwaka 1857 kaburi lililofunguliwa Vulci, mji wa Waetruski, lilionyesha ukutani picha ya Mastarna akimkata Vibenna kamba alizofungwa, majina yao yakiwa yameandikwa kando. Mwanahistoria Tacitus, anayeisimulia hotuba hiyo kwa maneno yake, anamfanya Claudius aanze na babu yake mwenyewe: Clausus, Msabini.

Huyo Clausus, kwa tarehe ya kimapokeo ya mwaka 504 KK, aligombana na Wasabini wenzake waliotaka vita, akashuka na jamaa zake na wafuasi wake wengi hadi Roma. Warumi wakawapa uraia na ardhi ng'ambo ya mto Anio, na yeye akaingizwa katika baraza, akaitwa Appius Claudius. Hata ukiipunguza tarehe hiyo au ukiisogeza, ukoo wa Claudius haukuwahi kuificha asili hiyo, na ulitoa viongozi kwa karne zote za Jamhuri, kisha makaisari. Swali langu kwa mchangiaji wa pili ni hili, na ningependa alijibu kabla hatujaendelea: asubuhi ile Clausus alipokuwa bado upande wa pili wa Anio na ng'ombe wake na watu wake, na jioni yake alipokwisha kuvuka, ni kitu gani katika damu yake kilichobadilika hata akawa Mrumi, na kama hakuna, wewe unamhesabu katika fungu gani?